Kalamu Nyuma ya Majina ya Wanaume

Riwaya ya mwandishi wa Ujerumani Sophie von La Roche kuhusu binti Sternheim ilipotoka mwaka 1771, jina la mwandishi halikuwamo. Lililochapishwa lilikuwa la mhariri, Christoph Martin Wieland. Mwandishi mwenzake Therese Huber alitoa hadithi zake kwa jina la mumewe. Mwanamke wa heshima kuuza maandishi sokoni kulihesabiwa kukosa haya, hivyo wengi walijisitiri nyuma ya mwanamume.

Mwandishi Louise Otto, mzaliwa wa Meissen katika Saxony, naye aliwahi kujiita Otto Stern. Riwaya yake ya mwaka 1846 kuhusu kasri na kiwanda ilipitiwa na wakaguzi wa serikali, na baadhi ya sehemu zikaondolewa. Mwaka huohuo polisi walimfukuza mwandishi Louise Aston kutoka Berlin. Miongoni mwa makosa aliyohesabiwa ni kuvaa nguo za kiume, kuvuta tumbaku na kutomwamini Mungu. Aston hakujificha: alichapa utetezi wake Brussels, jina lake likiwa wazi.

Mwaka 1849, Otto alianzisha gazeti la wanawake, na humo akatetea pia washonaji na vibarua wa viwandani. Serikali ya Saxony haikulitaja gazeti hilo kwa jina. Ilitunga tu sheria ya magazeti iliyosema mhariri lazima awe mwanaume. Watu waliiita sheria ya Otto, maana kila mtu alijua inamlenga nani. Otto alilihamishia gazeti lake Gera, nje ya mipaka ya Saxony, lakini halikudumu. Mwaka 1865 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha wanawake mjini Leipzig, kilichodai elimu na haki ya kufanya kazi. Siasa kilikaa nayo mbali, na si kwa woga mtupu: huko Prussia sheria iliwakataza wanawake kujiunga na vyama vya siasa hadi 1908.

Mwandishi Hedwig Dohm alikuwa na ulimi mkali zaidi. Kwao walizaliwa watoto 18. Kaka zake walisoma sekondari, yeye akaachiwa sindano na kazi za nyumbani. Mwaka 1873, wakati hata wenzake wengi waliona ni mapema mno, alidai kwa maandishi wanawake wapewe kura. Wanawake wa Ujerumani walipoipiga mara ya kwanza katika uchaguzi wa bunge la taifa, Januari 1919, Dohm alikuwa na miaka 87. Alifariki Juni mwaka huo.