Hati Imeingia Kwenye Flashi, Lakini Iko Wapi?

Umeskani hati ya shamba, printa ikaiweka kwenye flashi, lakini ukifungua kwa kompyuta huioni. Usikate tamaa, wala usikubali mtu aifute flashi hiyo. Printa nyingi hujitengenezea folda zao. Printa za Epson kwa kawaida hutumia folda iitwayo EPSCAN. Za Canon hutumia CANON_SC, na PDF hukaa ndani yake, kwenye DOCUMENT. Fungua folda moja baada ya nyingine. Ukiipata, ipe jina utakalolikumbuka. Siku nyingine, usichomoe flashi kabla printa haijamaliza kuhifadhi. Na ile hati yenyewe je? Inua kifuniko cha mashine uichukue, isije ikabaki kwa watu!