KWA NINI HIFDHI YATAKA NAFASI

Wazazi wengi wa hapa Kikuyu, mjini Dodoma, waletapo watoto wao chuoni huwa na swali moja: atahifadhi juzuu ngapi kabla ya Ramadhani? Swali hili si baya, kwani mashindano ya kuhifadhi Qurani Tukufu yamekuwa mengi nchini, na kila mzazi apenda kusikia jina la mwanawe likitajwa. Lakini haraka hii ina madhara yake. Mtoto hukalishwa tangu alasiri hata baada ya isha, somo juu ya somo. Kesho yake akiulizwa hana kitu, na hapo ndipo fimbo inapotafutwa na jina la “kichwa kizito” linapobandikwa. Twaona yafaa wasomaji wetu wajue ni kitu gani hutendeka ndani ya ubongo wa mtoto baada ya msahafu kufungwa, maana elimu imelifunua jambo hili kwa kadiri kubwa. (Sisi watu wa Dodoma tukitaja ubongo, msikilizaji hudhani twazungumzia hospitali ya Mirembe. La, twazungumzia ubongo wa mtoto mwenye siha yake.)

Ubongo umefanywa kwa chembe nyingi mno, zizidizo bilioni 80, na kila chembe imeshikana na nyingine kwa maelfu ya viungo vidogo. Mtu ajifunzapo, baadhi ya viungo hivyo hupata nguvu. Kwa kumbukumbu ya dakika chache, chembe hutumia protini ilizo nazo tayari, ikizibadili kidogo tu. Lakini ili somo likae siku na miaka, sharti habari ifike mpaka kwenye kiini cha chembe. Huko jeni fulani hufunguliwa, protini mpya hutengenezwa, na kiungo kile hukua kikawa imara. Kazi hii haimaliziki kwa kufumba na kufumbua.

Jambo hili lilionekana wazi kwa samaki katika miaka ya 1960. Bernard Agranoff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliwafundisha samaki wadogo wa rangi ya dhahabu kukimbilia upande wa pili wa chombo cha maji kila taa iwakapo, ili wasipigwe na umeme. Mara tu somo lilipokwisha, baadhi yao walidungwa dawa iitwayo puromaisini, ambayo huzuia chembe kutengeneza protini. Baada ya siku kadhaa samaki hao walikuwa kama hawakufundishwa kamwe. Lakini wale waliodungwa dawa hiyo hiyo saa moja baada ya somo hawakusahau. Maana yake, ni ndani ya saa ile ndimo jengo lilimokuwa likisimamishwa.

Baadaye akaja Eric Kandel, aliyezaliwa Vienna mwaka 1929 na kukimbilia Marekani angali mtoto, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2000 pamoja na wenzake wawili. Yeye alimchagua konokono wa baharini, Aplysia, kwa kuwa chembe zake za ubongo ni chache na kubwa. Ilidhihirika kwamba mshtuko mmoja huacha kumbukumbu ya dakika. Mishtuko iliyorudiwa kwa kuachiana nafasi huacha kumbukumbu ya siku nyingi, nayo hutaka protini mpya. La ajabu zaidi, ndani ya chembe mna protini zenye kazi ya kuzuia, mfano wa breki ya lori, ambazo sharti zilegezwe ndipo zile za kujenga zianze. Kwetu sisi hii ni rehema: nani angetaka kubeba kichwani kila kelele ya soko la Majengo hadi uzeeni?

Nao Tim Tully na wenzake walitangaza mwaka 1994 habari za nzi wadogo wa matunda. Kundi moja lilipewa masomo 10 mfululizo. Jingine lilipewa masomo 10 yale yale, kwa mapumziko ya dakika 15 baina ya somo na somo. Idadi ilikuwa moja, lakini ni wale waliopumzishwa tu waliopata kumbukumbu ya protini mpya, iliyodumu wiki nzima.

Nzi si mtoto, wala samaki si hafidhi. Hatutaki msomaji apime vitu hivi kwa mizani moja. Hata hivyo waalimu wetu wa zamani, wasiojua protini wala jeni, walikwenda njia hiyo hiyo: aya chache ubaoni, kusomwa jioni, kurudiwa alfajiri, kisha somo la juzi na la wiki iliyopita kurejewa kabla jipya halijaandikwa. Twasema utaratibu huu usitupwe kwa ajili ya mashindano. Afadhali vikao vinne vya nusu saa kuliko kimoja cha saa mbili. Fimbo haitengenezi protini. Na mtoto alale! Mwaka 2016 wachunguzi walionyesha kuwa panya walionyimwa usingizi kwa muda wa saa 5 tu walipungukiwa na kazi ya kutengeneza protini katika sehemu ya ubongo itunzayo kumbukumbu, na somo likawapotea.

Liko na jambo la jikoni. Tezi ya shingoni hutoa homoni ambayo huingia mpaka ndani ya viini vya chembe za ubongo na kuamuru jeni zipi zifunguliwe, yaani protini zipi zitengenezwe. Homoni hii haipatikani bila madini joto. Nchi yetu ilitaabika sana kwa upungufu wake, khasa nyanda za juu zilizo mbali na bahari, na uvimbe wa shingo ulionekana kwa wengi. Katika miaka ya 1980 vidonge vya mafuta yenye madini hayo vilianza kugawiwa katika wilaya zilizodhurika, na katika miaka ya 1990 ikaamriwa kisheria chumvi ya kula itiwe madini joto. Lakini hata leo iko chumvi ya mabonge iuzwayo kwa kopo toka guniani, bila alama yoyote, nayo ni rahisi. Baba na aisome pakiti kabla ya kununua, na mama aitie chumvi katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, kwani madini hayo hupotea. Mwenye mimba ndiye wa kwanza kuangaliwa: katika miezi ya mwanzo tezi ya mtoto aliye tumboni haijaanza kazi, na ubongo wake hujengwa kwa homoni ya mama yake tu.