Cc 700 Zilivyotaka Kuvunja Ndoa Yangu

Mpenzi msomaji, kama una mke au mchumba na kuna hela mnaziweka pamoja, isome habari hii mpaka mwisho kabla hujaenda benki. Mimi sikupata wa kunionya. Au tuseme ukweli: wa kunionya alikuwepo, tena nalala naye chumba kimoja, ila sikumuuliza.

Naishi Mpanda, makao makuu ya mkoa wa Katavi. Washikaji wa Dar wakisikia Mpanda wanawaza mwisho wa reli, na kweli reli inayotoka Kaliua inaishia hapa kwetu. Lakini siku hizi lami inatupeleka mpaka Tabora, mji unakua, na vijana tuna kazi zetu za ofisini na vishamba vyetu pembeni. Mimi Jumatatu mpaka Ijumaa ni mtu wa mahesabu. Jumamosi ni mkulima wa mahindi na karanga upande wa Kabungu. Mke wangu ni muuguzi.

Yote yalianzia fungate

Tulipooana tulijipigapiga tukaenda Zanzibar. Kule Nungwi, kaskazini mwa Unguja, kuna vijana wanaotembeza wageni kwa pikipiki za matairi manne. Unapewa kofia ngumu na miwani, kiongozi anatangulia, mnapita vijijini na kwenye njia za vumbi mpaka mnatokea baharini. Mke wangu alipanda yake, mimi yangu. Nakumbuka alinipita kwenye kona moja huku anacheka. Nikasema moyoni, huyu kabahatika.

Saa moja tu, nikashuka pale najiona dereva. Sikujua kwamba ile niliyopewa ilikuwa cc 200, haina gia za kubadilisha, na yule kiongozi ndiye aliyekuwa anaamua twende mwendo gani. Nilichobeba kurudi nacho Mpanda ni mzuka.

Nisikufiche, sababu ya kuitaka nilikuwa nayo. Kwetu mvua zinaanza Novemba mpaka Aprili, na njia ya shamba inageuka tope tupu. Bodaboda wengine wanakugomea katikati ya safari, unashuka unatembea na kiroba cha mbegu kichwani. Mtu mwenye matairi manne yenye meno si anapita tu? Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Shida ya shamba ingetatuliwa na chombo kidogo cha kazi. Mimi nilitaka kitu cha kufanya watu wageuke.

Milioni 14 bila kikao

Basi bwana, nikapata namba ya jamaa wa Dar aliyekuwa anahama nchi, anauza vitu vyake. Akanirushia picha. Nyekundu, ya mbio, cc 700. Bodaboda nyingi za hapa mjini ni cc 125 au 150, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Katika maswali yote ambayo mtu mwenye akili angeuliza, mimi nilimuuliza moja tu: "Inakimbia ngapi?"

Hela zilikuwa kwenye akaunti yenye jina langu, lakini zilikuwa zetu wawili. Kila mwisho wa mwezi mke wangu alikuwa anatoa fungu lake ananipa nikaweke. Miaka miwili na nusu ya kujinyima, tupate msingi wa nyumba. Nikatoa milioni 14. Nikajiambia nitamweleza akishaiona, maana akiiona ataipenda. Wanaume wenzangu, hili la "nitamweleza baadaye" mnalijua.

Ilikuja na Fuso kupitia Tabora. Mtaa mzima ulitoka nje. Vijana wa kijiweni waliishika kila mahali, mmoja akaniambia tairi zina upepo mdogo, nikampa hela akazijaze mpaka 30 kama za gari. Jioni mke wangu akarudi kazini. Akaizunguka mara moja, taratibu, kama anamkagua mgonjwa. Akauliza maswali matatu.

"Imesajiliwa?"

Haikuwa imesajiliwa. Jamaa alikuwa anaiendesha kwenye eneo lake mwenyewe, na karatasi za ushuru hazikuwepo.

"Kofia yako iko wapi?"

Sikuwa nayo.

"Hela umetoa wapi?"

Hapo nikatazama chini. Hakugomba. Aliingia ndani, akapika, tukala kimya. Usiku akageukia ukutani.

Kilima cha Kabungu

Jumamosi iliyofuata mdogo wake wa kiume, kijana wa miaka 22, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Sumbawanga. Nikamwambia, "Shemeji, twende ukaone shamba." Chombo tukakibeba kwenye kirikuu mpaka shambani, kwa sababu barabarani nilikuwa naogopa trafiki. Ona akili hizo. Niliogopa faini, sikuogopa chombo.

Nikakaa mbele, shemeji akakaa nyuma. Siti ilikuwa ndefu, nani asingedhani ni ya watu wawili? Karibu na shamba kuna kilima kifupi chenye kokoto. Tulivyoanza kupanda, mbele kukawa kwepesi. Nikashtuka. Nikaukamata usukani kwa nguvu zangu zote, na kumbe katika vyombo hivi mafuta unaongeza kwa kidole gumba. Nilivyokamata, kidole kikabana. Ile kitu ikanyanyuka mbele kama farasi, ikaturudia.

Mimi niliangukia pembeni. Shemeji alikuwa chini yake.

Uzito wake ni kama kilo 200, yaani mifuko minne ya simenti. Peke yangu sikuweza hata kuitikisa. Majirani wa mashamba walikuja mbio, tukainyanyua watu watano. Shemeji alikuwa anahema, lakini mkono wa kulia ulining'inia vibaya, na alikuwa hawezi kuvuta pumzi vizuri. Nilipiga simu kwa mke wangu. Ilipopokelewa nikashindwa kuongea. Yeye ndiye aliyeniambia nifanye nini: tusimsogeze ovyo, mkono ufungwe kifuani kwa khanga, tutafute gari, siyo pikipiki.

Mtulinga ulivunjika na mbavu ziliumia. Kichwa kilipona kwa neema ya Mungu tu, maana hakuna aliyekuwa na kofia.

Usiku ule mama mkwe alipiga simu. Hakunitukana. Alisema maneno machache: "Baba, mimi wa kiume ninaye huyo mmoja tu." Nimewahi kugombezwa na wakubwa wengi maishani, lakini hakuna aliyenikalisha chini kama yule mama.

Kumbe mwalimu alikuwa ndani

Siku ya tatu mke wangu akaniambia tukae. Nilijiandaa kwa habari ya milioni 14. Hakuanzia huko.

"Kabla hujanioa nilikuwa nafanya kazi kwenye milima ya Mwese," alisema. "Miaka minne. Nilikuwa naendesha pikipiki ya zahanati na boksi la chanjo nyuma, masika na kiangazi. Hilo unalijua. Umekaa miezi miwili unatafuta chombo, hukuniuliza hata swali moja."

Kisha akasema lililokuwa linamuuma. "Hela tutatafuta. Ila miezi yote miwili ulikuwa unakula na mimi, unacheka na mimi, na una siri. Sasa mimi nitajuaje siku nyingine unapocheka?"

Mpenzi msomaji, sikuwa na jibu. Niliomba msamaha kwake, nikasafiri mpaka Sumbawanga kumwomba mama mkwe, gharama zote za matibabu nikabeba mimi. Lakini msamaha wa maneno ni rahisi. Mke wangu alitaka uonekane. Akaunti tukaigeuza ikawa ya majina mawili, hakuna anayetoa bila saini ya mwenzake. Na chombo kikafungiwa stoo mpaka nijifunze.

Nilianza moja. Nikachukua leseni ya kujifunzia, nikaingia chuo cha udereva kama watoto waliomaliza shule jana, nikasubiri mtihani wa trafiki. Jioni mke wangu alikuwa ananifundisha kwenye pikipiki ya cc 125 ya mfanyakazi mwenzake. Alisimama pembeni mikono kiunoni. "Breki kabla ya kona, siyo ndani ya kona!" Ule wakati ndio tulianza kucheka tena.

Kisha fundi mmoja wa mjini akanifungulia macho kuhusu lile dude langu. Pikipiki ya kawaida unakata kona kwa kuilaza. Ya matairi manne hailali. Zile za mbio, tairi mbili za nyuma zimefungwa kwenye ekseli moja isiyo na difu kama gari, kwa hiyo zinazunguka sawasawa. Kwenye kona inataka kwenda moja kwa moja, na wewe ndiye unayetakiwa kuisaidia kwa mwili: kuegemea ndani ya kona, na kwenye mlima kuinamia mbele. Ndiyo maana siti ni ndefu. Ni nafasi ya dereva kusogea. Ukiweka abiria, uzito wote unakwenda nyuma, na mlimani inageuka. Stika ya kukataza abiria ilikuwepo pale pale juu ya tairi. Niliiona. Nilidhani ni urembo.

Na upepo? Tairi zile mara nyingi zinataka chini ya 10, wakati mimi nilijaza 30. Zikawa zinadunda kama mpira.

Siyo mimi peke yangu. Mwanamuziki wa Uingereza, Ozzy Osbourne, Desemba 2003 alianguka na chombo kama hicho kwenye eneo la nyumba yake mwenyewe, akavunjika mtulinga, mbavu nane na pingili ya shingo. Na Marekani, ambako vyombo hivi vilianza na matairi matatu, ajali zilizidi mpaka mwaka 1988 makampuni yakakubaliana na serikali kuacha kuuza vipya vya matairi matatu, na kuwapa mafunzo wanunuzi wa vya matairi manne. Ukiona mpaka wauzaji wanakubali mnunuzi afundishwe kwanza, ujue hilo siyo toroli.

Kabla hujatoa mkwanja

Kama bado moyo unakudunda, sikukatazi. Vyombo hivi vina kazi yake, shambani na kwenye njia mbovu. Ila zingatia haya.

Anza kidogo. Mtu asiyewahi kuendesha chochote hana biashara na cc 700. Tafuta chombo chepesi cha kazi, cha kubebea mizigo, siyo cha mbio.

Jifunze kabla ya kununua. Saa moja ya kutembezwa na kiongozi siyo mafunzo.

Nenda na fundi, na ukague karatasi. Uliza ushuru umelipwa wapi, usajili uko kwa jina la nani. Mimi nilikuwa na mashine ambayo siwezi kutoka nayo getini.

Kofia, viatu vya kufunika kifundo, suruali nzito. Bei ya kofia iwe ndani ya bajeti, isiwe baadaye.

Usitoe mguu kuzuia isianguke kama unavyofanya kwenye pikipiki. Tairi la nyuma litaukanyaga.

Usimpakie mtu. Hata akikubembeleza. Hata kama ni mpenzi wako na mnataka picha.

Na nyie wenzangu wa Katavi, hifadhi yetu siyo uwanja wa mazoezi. Hifadhini huruhusiwi kuacha barabara na kukatisha porini, na kiboko wa mto Katuma hajali una cc ngapi.

La mwisho ndilo kubwa. Kitu chochote kinachoweza kumaliza akiba yenu au kumwacha mwenzako mjane, kiwekwe mezani kabla hakijanunuliwa. Usisubiri kufika nacho nyumbani ndipo uombe baraka.

Tulipofikia

Lile dude tuliliuza baada ya kukamilisha karatasi. Tulipata milioni 10, na mnunuzi nilimweleza kila kitu, mpaka kilima. Kati ya hizo tukanunua pikipiki ya kazi ya cc 125 iliyotumika, ya magurudumu mawili, na zilizobaki zikaenda kwenye msingi. Msingi ulichelewa mwaka mzima, lakini umesimama.

Shemeji alifunga mkono wiki nane, akapona. Anakuja kutusalimia kila likizo, na hana kinyongo. Ila tukienda shamba, mimi nabaki kusubiri zamu ya pili.

"Samahani shem," ananiambia huku anavaa kofia. "Mimi napanda na dada."