Perege Hajapewa Dawa, Bakteria Wake Ni Sugu

Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika kwenye mabwawa ya samaki nchini Pakistan na Tanzania. Yalikuwa mabwawa ya ufugaji mseto, ambako samaki hufugwa pamoja na mifugo na kinyesi cha mifugo huwa mbolea ya maji. Hakukuwa na kumbukumbu kwamba samaki wale waliwahi kupewa antibaiotiki. Hata hivyo, bakteria wa mabwawa hayo walikutwa na jeni za usugu dhidi ya dawa kadhaa, zikiwemo tetrasaiklini na trimethoprim. Usugu huo ulifikaje majini?

Jibu moja lipo kwenye banda la kuku. Wafugaji wengi hujenga banda kando ya bwawa au juu yake. Kinyesi kinapoanguka hurutubisha maji, mwani huota, na perege hula mwani huo, hivyo gharama ya chakula hupungua. Ni mbinu yenye faida ya kweli kwa mwenye mtaji mdogo. Lakini kuku hao mara nyingi hunyweshwa antibaiotiki iitwayo oksitetrasaiklini, wengine wakiwa hawaumwi, eti kwa kinga. Sehemu kubwa ya dawa hutoka na kinyesi ikiwa bado na nguvu, pamoja na bakteria wa utumbo walionusurika nayo.

Bwawani, oksitetrasaiklini hunata kwenye tope na inaweza kukaa humo kwa wiki au miezi. Kiasi kinachobaki ni kidogo, nacho kina madhara yake: bakteria dhaifu huzuiwa kukua, wale sugu hupata nafasi ya kuzaliana. Kisha bakteria hupeana plazmidi, yaani vipande vya DNA vyenye umbo la duara, kama jirani anavyomchongea jirani nakala ya ufunguo. Hawalazimiki kuwa wa aina moja. Jeni iliyotoka kwenye utumbo wa kuku inaweza kumfikia Aeromonas, bakteria wa majini anayewatia perege na kambale vidonda na kuvuja damu. Siku ugonjwa huo ukizuka, mfugaji atanunua dawa ambayo haitamsaidia.

Safari ya jeni za usugu huvuka hadi hospitali. Mwaka 2005 watafiti walibaini kuwa qnrA, jeni inayodhoofisha nguvu ya dawa za ukoo wa siprofloksasini, asili yake ni Shewanella algae, bakteria anayeishi majini. Wakati huo tayari jeni hiyo ilikuwa imekutwa kwa bakteria wanaowaambukiza binadamu. Ukubwa wa tatizo zima la usugu unatisha: inakadiriwa kuwa mwaka 2019 pekee maambukizi ya bakteria sugu yalisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani.

Hakuna sababu ya kuogopa kula samaki. Moto unaoivisha samaki vizuri huua bakteria, wawe sugu au wasiwe. Uangalifu unahitajika kabla ya jiko: wakati wa kupara magamba na kutumbua matumbo, na pale kisu na ubao uleule vinapokatia kachumbari bila kuoshwa. Unahitajika pia bwawa linapofunguliwa na maji yake kuelekezwa kwenye bustani ya mboga au mtoni.

Mabadiliko yanawezekana. Wafugaji wa samoni nchini Norwe walitumia takriban tani 50 za antibaiotiki mwaka 1987. Baada ya kuanza kuwachanja samaki na kuboresha usafi, matumizi yalishuka hadi chini ya tani moja kwa mwaka, huku mavuno yakiongezeka mara nyingi.

Mfugaji wa perege anaweza kuanza na hatua zilizo ndani ya uwezo wake. Asiwape kuku dawa bila ushauri wa daktari wa mifugo. Kinyesi cha kuku walio kwenye dozi kisiingie bwawani kabisa. Mbolea nyingine irundikwe na kuozeshwa kwanza, kwa kuwa joto la lundo huua vimelea wengi na kuvunjavunja sehemu ya dawa, ingawa haliondoi kila jeni ya usugu. Samaki wasisongamane, na baada ya kuvuna bwawa likaushwe na kutiwa chokaa. Wakiugua, kipimo kitangulie dawa.

Nazo mamlaka za uvuvi, mifugo na afya zipime usugu kwa pamoja, kwa sababu bakteria wa banda, wa bwawa na wa wodini wanapeana jeni zilezile. Dawa tunayoimwaga ovyo kwa kuku leo ndiyo tutakayoihitaji kesho kwa mtoto mwenye homa.