Makusudi ya Adhabu katika Sheria ya Uingereza

Mahakama humwadhibu mkosaji kwa kusudi gani? Kwa England na Wales, sheria ya mwaka 2003 ilitaja makusudi matano, nayo sheria ya mwaka 2020 ikayarudia: kumwadhibu mkosaji, kupunguza uhalifu, kumrekebisha, kuwalinda watu, na kumfanya awalipe fidia aliowadhuru.

Adhabu zenyewe kwa jumla ni za namna nne: kuachiliwa, kwa masharti au bila masharti, faini, amri ya kutumikia jamii, na kifungo, ambacho pengine huahirishwa. Anayeua kwa kukusudia hupewa kifungo cha maisha. Adhabu ya kifo kwa kosa hilo ilisimamishwa mwaka 1965, ikafutwa kabisa mwaka 1969.

Tunaona kwamba sheria hizo hazikusema kusudi lipi litangulie. Basi hakimu hana budi kupima: kifungo humlinda jirani, lakini chaweza kumnyima mkosaji kazi ambayo ingemwezesha kulipa fidia. Nasi wachungaji, tukimtembelea mfungwa, yafaa tumsaidie kufahamu hakimu alikusudia nini. Maana aionaye adhabu yake kuwa malipo ya ubaya tu, hatatazamia kurekebishwa.