Je, Wajua? Unasomwa Kabla Hujafungua Mdomo

Simama dakika tano tu Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, uone magari yanavyojitaja yenyewe. Namba ya njano ni gari la mtu binafsi, nyeupe ni la biashara, SU ni shirika la umma, DFP ni mradi wa wafadhili. Dereva hujamwona hata kisogo, na tayari unajua anamtumikia nani!

Na wewe ukisikia jirani kavuta gari, swali lako la kwanza ni "namba gani?" Akijibu "namba E," unajua limesajiliwa juzijuzi. Lakini ngoja kwanza: herufi hiyo inasema gari lilisajiliwa lini Tanzania, haisemi lilitengenezwa lini. Namba mpya kabisa inaweza kufungwa kwenye gari lililokula miaka yake yote ya ujana Japani.

Haya, tuje kwenye majina. Mtu akisema anaitwa Sanga, tunawahi wote: "Mkinga huyo, wa Makete!" Na mara nyingi tunapatia. Katika Bunge lililochaguliwa mwaka 2020, mkoa wa Njombe peke yake ulipeleka akina Sanga 2, Festo wa Makete na Deo wa Makambako. Jina likianza na Mwa- je? Mbio Mbeya! Sasa sikia hii: mbunge wa Njombe Mjini katika Bunge hilohilo alikuwa Deodatus Mwanyika.

Toa kitambulisho chako cha NIDA, kitazame vizuri. Namba ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Umri unaouficha kwa mashoga zako, karani wa dirishani ameshausoma!

Marekani wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2000 mtafiti Latanya Sweeney alionyesha kuwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta ya mahali unapoishi vinatosha kumtenga mtu na wenzake wote, kwa Wamarekani wapatao 87 katika kila 100. Vitu 3 tu, na jina halimo.

Sasa sogea karibu, maana hili linanisisimua kuliko yote. Mkwawa wa Wahehe alijipiga risasi mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani, nao wakachukua kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliwapa miezi 6 wakirudishe; ikapita zaidi ya miaka 30! Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, akafunga safari hadi makumbusho ya Bremen, Ujerumani, akakuta mafuvu 2,000. Ungeanzia wapi wewe? Yaliyotoka Afrika Mashariki ya Kijerumani yalikuwa 84. Yakatengwa yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya ndugu wa Mkwawa walio hai, na kati ya hayo moja tu lilikuwa na tundu la risasi. Hilo ndilo lililorudishwa 1954, na lipo Kalenga, Iringa, mpaka leo. Kumbuka, kupima mtu kwa DNA kulikuwa hakujaanza. Umbo lenyewe la DNA lilitangazwa mwaka huohuo wa 1953. Kutoka 2,000 hadi 1, kwa futi na tundu!

Hebu vua kiatu. Urefu wa unyayo ni takribani asilimia 15 ya urefu wa mtu, kwa hiyo unyayo wa sentimita 24 unakupa mtu wa sentimita 160 hivi. Mpime mwenzako hapo, uone.

Huko Engare Sero, kusini mwa Ziwa Natron, kuna nyayo zaidi ya 400 za watu wa kale zilizogandia kwenye majivu ya volkano. Mwaka 2020 watafiti walitangaza wanachokisia: watu 17 walipita pamoja, wanawake 14, wanaume 2 na kijana mmoja wa kiume. Wote hao kwa nyayo tu, mfupa hakuna!

Ila nyayo nazo hupiga chenga. Kule Laetoli zilipatikana nyayo mwaka 1976, na wataalamu wengine wakadhani ni za dubu. Dubu, Ngorongoro! Ilipofika 2021 ndipo uchunguzi mpya ukaonyesha ni za jamaa wa kale wa binadamu, aliyepita hapo miaka milioni 3.66 iliyopita.

Umewahi kuambiwa na mpiga ramli, "kuna mtu anakuonea kijicho," ukashangaa amejuaje? Mwaka 1948 mwalimu Bertram Forer aliwapa wanafunzi 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja karatasi yake. Wakayapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5. Karatasi zote zilikuwa na maneno yaleyale!

Utafiti wa 2022–23 uliikuta Njombe ikiongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na zaidi, wakati taifa zima ni 4.4. Geuza namba hiyo sasa: watu 87 katika kila 100 hawana. Uso haukuonyeshi ni nani anavyo na nani hana. Kipimo ndicho kinachosema, na kwenye vituo vya serikali ni bure.

Umepanda Kosta ya Makambako kwenda Njombe, ndani mko 30. Uwezekano kwamba wawili kati yenu wamezaliwa tarehe moja, mwezi mmoja, unazidi 70 katika 100! Wakiwa 23 tu tayari unavuka nusu, na kwenye basi kubwa la watu 57 unafika 99. Kesho ukipanda, uliza kwa sauti, abiria wataje tarehe zao.