Kwa nini kundi linakuacha? Hesabu ya upepo kwa mwendesha baiskeli wa wikendi

Kama umewahi kutoka na kundi la waendesha baiskeli Jumapili asubuhi, hali hii unaijua. Saa nzima unaenda nao vizuri tu, unapumua kawaida, hata unapiga stori na jirani yako. Halafu inatokea kona, au kituta, au mtu wa mbele anaongeza mwendo kidogo. Pengo la mita tano linafunguka kati yako na tairi lililokuwa mbele yako. Unakanyaga kwa nguvu zako zote, lakini pengo linakuwa mita kumi, kisha ishirini. Dakika mbili baadaye kundi limebaki nukta za rangi huko mbele.

Wengi wakifika nyumbani wanajihukumu: "sina pumzi", "mimi mzito", "baiskeli yangu ya bei rahisi". Wengine hawarudi tena Jumapili inayofuata. Ni hasara, kwa sababu mara nyingi hukumu hiyo si sahihi. Hebu tuiangalie fizikia ya jambo hili, halafu tuone inatuambia nini kuhusu mazoezi.

Wapinzani watatu

Baiskeli ikiwa barabarani, kuna vitu vitatu vikubwa vinavyokula nguvu zako: hewa, msuguano wa tairi na lami, na mlima. Tuchukue mfano wa mtu wa kilo 70 mwenye baiskeli na chupa za maji, jumla kilo 80. Yuko usawa wa bahari, lami ni nzuri na tambarare, na hakuna upepo. Kiasi cha nguvu tutakipima kwa wati, kipimo kilekile kinachoandikwa kwenye balbu.

Akienda kilometa 30 kwa saa, tairi zinamgharimu takriban wati 33 na hewa wati 111. Jumla ni kama wati 144. Mtu mwenye mazoezi ya kawaida anaweza kukaa hapo muda mrefu.

Sasa aongeze mwendo hadi kilometa 40 kwa saa. Tairi zinakuwa wati 44, sawa. Lakini hewa inaruka hadi wati 263! Jumla ni kama wati 307. Yaani mwendo umeongezeka kwa theluthi moja tu, lakini nguvu inayohitajika imezidi maradufu.

Sababu ni hii. Ukitoa mkono nje ya dirisha la daladala linalokwenda kilometa 60 kwa saa, hewa inausukuma mara nne zaidi ya linapokwenda 30. Kani ya hewa inakua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Na wewe mwendesha baiskeli unaisukuma hewa hiyo huku ukienda kasi zaidi, kwa hiyo unazidisha kwa mwendo mara nyingine tena. Nguvu inayohitajika kushinda hewa inakua kwa kipeo cha tatu. Ndiyo maana kutoka kilometa 20 hadi 25 kwa saa ni rahisi, lakini kutoka 38 hadi 43 ni kazi nyingine kabisa.

Kivuli cha upepo

Mtu anayepita kwenye hewa huacha nyuma yake eneo ambalo hewa imeshasukumwa na inasafiri naye kidogo. Ukijibanza hapo nyuma, umo kwenye kivuli: hewa unayokutana nayo ni dhaifu zaidi. Nyuma ya mtu mmoja, ukikaa karibu, unaweza kuokoa kama theluthi ya gharama ya hewa.

Katikati ya kundi kubwa mambo yanakuwa ya ajabu zaidi. Mwaka 2018 mtafiti Bert Blocken na wenzake walichapisha utafiti kuhusu kundi la waendeshaji 121, wakitumia kompyuta na majaribio kwenye handaki la upepo. Waligundua kwamba walioko ndani kabisa, kuelekea nyuma, walikutana na ukinzani wa hewa wa asilimia 5 hadi 10 tu ya ule wa mtu anayeendesha peke yake. Kundi lao lilikuwa limebanana sana, kwa hiyo usitarajie muujiza huo kwenye kundi la watu kumi. Lakini kanuni ni ileile.

Hata wanaoshinda wanaijua kanuni hii. Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda hatua tatu za Tour de France ya 2024 na kuondoka na jezi ya kijani, alizipata hatua hizo kwenye mbio za kasi za mwisho. Mshindi wa mbio za aina hiyo hujificha nyuma ya wenzake kwa saa nyingi, kisha anatoka kwenye kivuli mita mia chache kabla ya mstari. Anayetoka mapema mno hupitwa, hata kama ana miguu ya chuma.

Sasa turudi kwenye pengo

Hapa ndipo hesabu inapouma. Kundi linakwenda kilometa 40 kwa saa, na wewe uko nyuma ya mtu mmoja. Umeokoa theluthi ya hewa, kwa hiyo unatumia kama wati 220. Unajisikia vizuri.

Pengo linafunguka. Kwanza, kivuli kinaanza kukuponyoka. Kikiisha, ili tu uende mwendo uleule unahitaji wati 307. Lakini mwendo uleule haukusaidii, kwa sababu pengo litabaki palepale. Lazima uwe na kasi kuliko wao. Tuseme unapanda hadi kilometa 44 kwa saa: ni karibu wati 400. Umetoka 220 hadi 400 kwa sababu ya mita chache za hewa!

Kwa mwendo huo, pengo la mita 10 linafungwa kwa sekunde 9. La mita 20 linahitaji sekunde 18. La mita 60 linahitaji karibu dakika nzima, na ni wachache sana kati yetu wanaoweza kushikilia wati 400 kwa dakika nzima baada ya saa mbili za kuendesha. Kwa hiyo aliyeachwa huenda ana pumzi sawa na waliobaki. Tofauti ni kwamba alichelewa sekunde tano.

Somo la kwanza ni kuziba pengo likiwa dogo. La pili ni kukaa theluthi ya mbele ya kundi. Kwenye kona, walioko mbele wanapunguza mwendo kidogo tu, lakini walioko mkiani wanafunga breki na kisha wanakimbizana kurudisha mwendo. Kila kona wanalipa gharama ambayo wenzao hawailipi.

Kusi, kaskazi na barabara ya Bagamoyo

Waendesha baiskeli wa pwani wana mwalimu wa bure: pepo za msimu. Chukua safari ya Dar es Salaam kwenda Bagamoyo wakati wa kusi. Kwenda unaelekea kaskazini, upepo uko mgongoni, unajiona bingwa. Kurudi ndio utajua.

Ukirudi kwa kilometa 25 kwa saa dhidi ya upepo wa kilometa 15 kwa saa, mwili wako unakutana na hewa ya kilometa 40 kwa saa. Unatumia kama wati 192, wakati siku isiyo na upepo mwendo huohuo ungekugharimu wati 91 tu. Wala usidhani upepo wa kwenda na wa kurudi vinafidiana. Kwenye upepo wa mbele unaenda taratibu, kwa hiyo unakaa humo muda mrefu zaidi. Kwenda na kurudi siku ya upepo siku zote ni ghali kuliko siku tulivu.

Upepo ukitoka ubavuni, kivuli nacho kinahama. Hakiko nyuma moja kwa moja, kiko nyuma na pembeni, upande ule upepo unaokwenda. Wenye mbio hujipanga kwa mshazari. Kwenye barabara yenye magari hilo ni hatari, kwa hiyo mazoezini pokeeni upepo kwa zamu, kila mtu dakika moja au mbili mbele, na mbaki ukingoni mwa barabara.

Mlimani, kivuli hakisaidii

Panda mteremko wa asilimia 8 kwa kilometa 12 kwa saa. Nguvu ya kuinua kilo 80 ni kama wati 209, tairi wati 13, na hewa wati 7 tu. Hapo hakuna pa kujificha. Kinachoamua ni wati ulizonazo kwa kila kilo ya uzito.

Ndiyo maana Mashindano ya Dunia ya Kigali, Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, yalichuja watu vile. Mbio za wanaume zilikuwa za kilometa 267.5 zenye kupanda jumla ya karibu mita 5,500. Tadej Pogačar wa Slovenia aliendesha peke yake zaidi ya kilometa 60 za mwisho na kushinda, na walioanza wengi hawakufika mwisho. Kwenye vilima kama vile, kundi linapoteza silaha yake kubwa.

Hapa pia tunapata jibu kuhusu baiskeli ya bei. Ukipunguza kilo moja na nusu kwenye baiskeli, kwenye tambarare kwa kilometa 40 kwa saa umeokoa wati isiyofika hata moja. Ukikunja viwiko na kushusha kifua hadi ukinzani wa hewa upungue asilimia 15, umeokoa wati 39, bila kulipa senti. Kwenye mlima wa nusu saa, ile kilo moja na nusu inakupa kama nusu dakika. Ni kitu, lakini kwa mtu wa wikendi si cha kukopea.

Kivuli ni chakula

Misuli inabadilisha karibu robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi kwenye kanyagio. Inayobaki ni joto. Kwa bahati, hilo linatupa kanuni rahisi: kila kilojuli moja ya kazi inachoma takriban kilokalori moja. Saa moja ya wati 144 ni kama kilokalori 520. Saa moja ya wati 307 ni kama 1,100.

Akiba ya wanga mwilini, kwenye misuli na ini, ni kama kilokalori 2,000. Mafuta ya mwili yapo mengi, lakini yanatoa nishati polepole, kwa hiyo ukikaza sana mwili unategemea wanga. Wanga ukiisha, miguu inageuka mbao, kichwa kinakuwa kizito, na hakuna moyo wa kishujaa utakaokuokoa. Kwa hiyo anayejificha upepo anatunza akiba. Na kwenye safari inayozidi saa moja na nusu, anza kula mapema, kabla njaa haijagonga. Ndizi mbivu moja ina kama gramu 25 za wanga, kwa hiyo ndizi moja hadi mbili kila saa ni mwanzo mzuri.

Mazoezi yanayofuata hesabu

Mbio za barabarani zinakudai vitu viwili: kukaa muda mrefu kwa nguvu ya wastani, na kuruka juu kwa sekunde chache kisha kupona huku bado unaendesha. Mwenye kazi au masomo anaweza kuvijenga kwa siku tatu kwa wiki.

Siku ya kwanza, safari ndefu na nyepesi, saa mbili hadi tatu. Kipimo ni mdomo: kama huwezi kuongea sentensi nzima, umezidisha. Mwendo huu unaongeza mishipa midogo ya damu kwenye misuli na kuufundisha mwili kutumia mafuta.

Siku ya pili, fupi na kali. Baada ya kupasha mwili, kanyaga kwa nguvu sekunde 30, kisha pole sekunde 30, mara nane. Pumzika dakika tano, rudia. Ndiyo mazoezi ya kuziba pengo.

Siku ya tatu, toka na kundi, ukajifunze yale ambayo wati hazifundishi: kushika tairi la mtu, kupokezana zamu, kusoma upepo.

Umbali ambao hautanii

Kwa kilometa 40 kwa saa unasafiri mita 11 kila sekunde. Mtu wa kawaida anahitaji karibu sekunde moja kuona hatari na kubana breki. Ndani ya kundi tunaweza kukaribiana kwa sababu tunaambiana: mkono unaonyesha shimo, sauti inasema "breki!". Anza na nafasi ya mita moja na nusu, usipitishe tairi lako la mbele sambamba na la nyuma la mwenzako, na macho yatazame mabegani mwake, si kwenye tairi.

Nyuma ya lori ni habari nyingine. Kivuli chake ni kikubwa na kinavutia, lakini lori halikuonyeshi shimo wala halikuambii linasimama. Burundi, kwenye barabara ya milima inayoshuka Bujumbura, wabeba ndizi hushikilia malori ili wavutwe kurudi juu. Wanafanya hivyo kutafuta riziki, na wengi wameumia, wengine wamekufa. Wewe unayefanya mazoezi huna sababu hiyo.

Jumapili ijayo, kabla ya kuondoka, angalia majani ya minazi au bendera iliyo karibu. Jua upepo unatoka wapi, tafuta nafasi yako katika theluthi ya mbele, na tairi la mbele likianza kwenda, liwahi likiwa bado mita mbili.